Mstari wa Kumi na Saba

Mama alikuwa amevaa tangu saa mbili asubuhi: gauni la kutokea, viatu vya kufunga, kilemba kilichopigwa pasi mpaka kikasimama chenyewe, na mkoba juu ya magoti, kama abiria aliyewahi stesheni siku moja kabla ya treni. Miadi ilikuwa saa tisa alasiri. Binti yake alipomwomba angalau aweke mkoba mezani, alijibu kwamba mkoba haumchoshi, anayemchosha ni anayeuliza.

Binti mwenyewe alikuwa chumba cha pili, mlango wazi, macho yamemtoka mbele ya kompyuta. Kwenye kioo palikuwa na ufito wa kijani unaojaa polepole kutoka kushoto kwenda kulia. Ulikuwa umefika asilimia arobaini na moja, kisha ukakaa kitako, kama mgeni aliyenusa kwamba chakula kinakaribia kuiva.

"Imefika wapi?" Mama aliuliza kutoka sebuleni.

"Inakuja, Mama."

"Sikuuliza kama inakuja. Nimeuliza imefika wapi."

"Karibu nusu."

"Dakika ishirini zilizopita pia ilikuwa karibu nusu."

Huyu binti, mwenye miaka thelathini na minne na mgongo wa mtu wa sitini, mtaani anaitwa Masikio. Masikio yenyewe ni ya kawaida tu, mawili, saizi ya wastani. Jina limetokana na kazi. Watu hurekodi vikao, mahojiano, mashauri ya mirathi na ugomvi wa kamati za maji, wanamtumia sauti, naye anavaa visikizi na kuandika kila neno lililosemwa. Ananukuu. Mwenyekiti akikohoa, anaandika kwenye mabano (kikohozi). Watu wakinyamaza, anahesabu, kisha anaandika (kimya, sekunde nne). Mkurugenzi mmoja aliwahi kumpigia simu akimbembeleza afute pale alipopiga miayo mhasibu akisoma ripoti. Masikio alimjibu kwamba miayo ilipigwa, na kilichopigwa kimepigwa.

Kazi hiyo alifundishwa na mama mmoja wa masjala, mkali kama pilipili ya kukausha, aliyekuwa na sheria tatu tu: usikate, usiongeze, usieleze. Wewe si shahidi, alikuwa akisema, wala si hakimu. Wewe ni bomba. Maji yanaingia huku, yanatokea kule. Masikio alizishika sheria hizo vizuri mno, hadi nje ya kazi. Ukimtuma dukani na orodha, ataleta vilivyoandikwa hata kama ulikosea mwenyewe kwa uwazi kabisa. Kuuliza "kwa nini" kulikuwa kwake kama kuingia chumbani kwa mtu bila kubisha hodi.

Siku hiyo, hata hivyo, kompyuta haikuwa imebeba kikao cha mtu. Ilikuwa inapakua moyo wa Mama.

Moyo wa Mama ulikuwa umepigwa picha mwezi uliopita katika hospitali kubwa: picha mamia kwa mamia, zikiuonyesha unavyodunda kutoka kila pembe, jumla gigabaiti tatu na nusu. Vali moja ilikuwa haifungi sawasawa. Bingwa wa mambo hayo hufika mjini mara moja kila miezi mitatu, anapokea wagonjwa siku mbili katika zahanati ndogo, na wale anaowachagua anawafanyia upasuaji wiki ileile. Siku ya pili ya kupokea ilikuwa leo. Muuguzi wake alishasema kwenye simu, bila kuzunguka: bila picha, bingwa hana la kusema, zije kwenye flashi, maana mashine ya zahanati haina intaneti. Na daktari wa kawaida, alipoulizwa kama Mama anaweza kusubiri miezi mitatu mingine, aliangalia sakafu. Masikio alikuwepo. Alikihesabu kile kimya bila kutaka. Sekunde saba.

Hospitali kubwa ilituma kiungo cha kupakulia kwa baruapepe, asubuhi hiyohiyo, baada ya wiki mbili za kuombwa. Chini ya kiungo palikuwa na masharti yaliyoandikwa kwa herufi ndogo kama chawa. Kiungo kinafunguka mara tatu tu. Kinafanya kazi kwenye mashine ile iliyokifungua mara ya kwanza, nyingine hazikubali. Kinakufa saa nane kamili mchana, iwe picha zimekwisha kuingia ama hazijaingia.

Masikio alikifungua saa tatu na dakika kumi. Masharti aliyasoma saa tatu na dakika kumi na tano. Ndiyo, kwa mpangilio huo. Hata watu wa kusoma kila neno wana siku zao.

Saa nne kasoro, ufito ukiwa bado pale kwenye arobaini na moja, kasi ikisoma sifuri, kompyuta ilitoa kidirisha kikisema upakuaji umeshindikana. Alama ya waifai kwenye kona ilikuwa imewaka vilevile, inang'aa, inatabasamu, imeunganishwa kabisa, haina hili wala lile. Moja imekwenda.

Alimpigia karani wa chumba cha picha kule hospitalini.

"Dada, mfumo ndivyo ulivyo," karani alisema, kwa sauti ya mtu anayetafuna. "Mara tatu ni mara tatu."

"Lakini haikufika. Imekatika njiani."

"Mfumo hauangalii kufika. Unaangalia kufungua."

"Hamwezi kunitumia kiungo kingine, au nije mwenyewe na flashi?"

"Tunaweza. Unajaza fomu, inasainiwa na mkuu wa kitengo. Mkuu wa kitengo yuko likizo, anarudi Jumatatu." (Utafunaji.) "Jaribu polepole, dada."

Jaribu polepole. Masikio alikata simu akiwa ametamani kumnukuu huyo mtu mbele ya mama yake mzazi.

Sasa, kompyuta ile ilikuwa na historia. Alipewa na shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa, fundi mitambo katika kiwanda cha biskuti mji mwingine, mtu wa mzaha na mikono myepesi. Ilikuwa nyembamba kama sinia, haina hata tundu la kuchomeka waya wa mtandao. Ni waifai au basi. Shemeji aliifuta kila kitu akaweka mfumo endeshi ule wa bure, ambao haukuombi leseni wala haukubembelezi. Ukitaka jambo lifanyike unaandika amri kwenye dirisha jeusi. Masikio aliupenda siku ya kwanza. Mashine inayofanya kile kilichoandikwa, bila nyongeza? Walikuwa ndugu.

Na kila ilipoumwa, Masikio alimpigia shemeji kwa ile simu yake ya vitufe, inayopiga na kupokea, ambazo kwa maoni yake ndizo kazi za simu. Shemeji alisoma amri herufi kwa herufi, yeye akaandika kwenye daftari lenye jalada la bluu, kisha akazipiga kwenye mashine. Kwa miaka mitatu daftari lilifikisha mistari kumi na tisa. Namba, amri. Namba, amri. Pembeni hapakuwa na neno. Usieleze.

Halafu akajitengenezea utaratibu wake. Mashine ikisumbua, kwa lolote lile, hakumsumbua shemeji tena: alifungua daftari na kuziandika amri zote kumi na tisa, tangu ya kwanza hadi ya mwisho, kwa mfuatano, kama mtu anayemaliza dozi. Mara nyingi ilisaidia. Hakujua ni ipi iliyosaidia, na hakuona haja ya kujua. Ukimeza vidonge vyote, homa ikashuka, utamhoji kidonge kipi?

Basi saa nne hiyo alifungua jalada la bluu akameza dozi yote. Mstari wa kwanza mpaka wa kumi na tisa. Kwenye wa nne, ule wa kupakia upya kiendeshi, programu ndogo inayoiambia mashine namna ya kuzungumza na kadi ya waifai, kidole kiliteleza akakosea, akaurudia mara mbili. Alizima mashine, akaiwasha. Akarudia dozi tena, kwa usalama. Saa nne na nusu alikifungua kiungo mara ya pili.

Ufito ulikwenda vizuri. Kumi. Ishirini na tano. Thelathini na nane, na Masikio alikuwa amesimama, mikono kichwani. Arobaini na moja, ukapita! Arobaini na mbili. Arobaini na tatu.

Kasi: sifuri.

"Usiniambie inakuja," Mama alisema kutoka sebuleni.

Masikio alikaa chini kwenye ukingo wa kitanda. Mbili zimekwenda.

"Zimebaki ngapi?" Mama aliuliza.

"Zimebaki ngapi nini?"

"Mwanangu, umeongea na yule karani kwa sauti ya kuita mbuzi. Kuta hizi ni za mbao. Zilikuwa tatu. Zimebaki ngapi?"

"Moja."

(Kimya, sekunde tano.) Kisha kikasikika kile kikohozi kikavu cha Mama, kikohozi cha moyo siyo cha kifua, ambacho Masikio alikuwa amekizoea kama saa ya ukutani, na siku hiyo akakisikia upya chote, mwanzo hadi mwisho.

Alimpigia shemeji, tena na tena. Haikupokelewa. Akakumbuka: kiwandani simu zinafungiwa makabatini mpaka mapumziko ya saa sita. Ilikuwa saa tano na dakika tatu. Basi akaipoteza ile saa kama watu wote wanavyopoteza saa za namna hiyo, kwa kufanya vitu. Aliibeba kompyuta hadi dirishani. Aliirudisha. Alifungua tovuti ndogondogo, zote zikafunguka mara moja, haraka, kama watoto wenye hatia. Alifungua barua zake. Zikaja. Kitu kidogo kinapita, kikubwa kinakwama. Akaipanguza vumbi. Akakiinua kile kisanduku cha waifai, akakiweka juu ya kabati, kikaning'inia kwa waya.

"Ukikiangusha hicho," Mama alisema, "utanipeleka kwa bingwa nikiwa nimebeba na chenyewe."

Mara tatu kidole kilikwenda kwenye kiungo. Mara tatu alikirudisha. Mara ya nne alikalia mkono wake wa kulia.

Saa sita na dakika mbili simu iliita.

"Shemeji yangu mpenzi," sauti ilisema, nyuma yake mitambo ikinguruma na mtu akicheka, "nimekuta umenipigia mara kumi na moja. Ama umenikumbuka, ama kuna kitu kinaungua."

"Shemeji, usinitanie leo."

Akanyamaza papo hapo. Ndiyo sababu Masikio alimpenda huyu mtu: mzaha wake ulikuwa na breki. Akamweleza yote, kwa mfuatano, bila kukata wala kuongeza.

"Sawa. Nina dakika ishirini," shemeji alisema. "Kwanza, hicho kiungo usikiguse. Hata kwa macho. Pili, tutafute kitu kingine kikubwa cha kujaribia, kisichohesabu mara. Ule mfumo endeshi wenyewe wa bure, upakue. Una gigabaiti mbili. Ukikwama, hatujapoteza kitu."

Masikio alitaka kujipiga kofi. Alikuwa amejaribia moyo wa mama yake, wakati dunia imejaa mafaili makubwa yasiyo na maana.

Wakaanza. Dakika tano zikapita, shemeji akitafuna mkate wake sikioni mwa mwenzake. Kisha ufito wa majaribio ukasimama, kwenye kumi na tisa.

"Umekwama."

"Vizuri!" shemeji alisema.

"Vizuri nini?"

"Ugonjwa umekuja daktari akiwepo. Kwa hiyo si hospitali, si kiungo, ni mashine yako. Kisanduku cha waifai kinawaka taa zote? Simu ya jirani inapata mtandao kupitia hicho hicho?"

Masikio alimwita jirani wa mlango wa pili kupitia dirishani. Jirani akajibu kwamba anaangalia mpira wa jana bila tatizo, tena aachwe.

"Basi ni kadi au kiendeshi chake. Siku hizi umebadilisha nini?"

"Sijabadilisha kitu. Nimefanya yale ya daftari tu."

"Daftari gani?"

"La amri zako. Nimezipiga zote. Leo tu mara mbili."

Kelele ya mitambo. "Zote? Zote zipi?"

"Kumi na tisa."

"Shemeji." Sauti ilikuwa ya mtu anayeweka chini mkate wake taratibu. "Zile nilikusomea kila moja kwa ugonjwa wake. Unampa mtu dawa ya minyoo, ya jino na ya mguu kwa mpigo?"

"Hukusema kila moja ni ya nini."

"Nilisema! Kila mara nilisema!"

Na ni kweli alisema. Masikio alikumbuka hata sauti yake akisema. Yeye tu ndiye hakuandika, kwa sababu maelezo si amri.

"Nisomee," shemeji alisema. "Haraka. Moja moja."

Akasoma. Wa kwanza, sawa, wa sauti. Wa pili, wa printa, hata huna printa siku hizi. Wa tatu, wa nne, wa tano, sawa. Shemeji alikuwa akizipitisha kama mchambua maharage. Wa kumi na moja ulikuwa wa saa. Wa kumi na sita wa mwanga wa kioo. Wa kumi na saba Masikio aliusoma mpaka neno la mwisho, neno la kuwasha.

"Rudia."

Akarudia.

"Huo unawasha usingizi wa kadi ya waifai. Kadi inalala kidogo kidogo ili isile umeme. Nilikupa mimi huo?"

"Ni mwandiko wangu na sauti yako."

"Lini? Na kwa nini ningekupa huo? Kuna kadi ukiziwashia usingizi, safari fupi zinakwenda, ukizipa safari ndefu zinasinzia katikati na haziamki. Lazima ilikuwepo sababu, maana nikiuzima na ile sababu bado ipo, mashine inaweza kukuzimikia mikononi na hicho kiungo chako kimoja. Kumbuka, shemeji. Dakika sita."

Masikio aliutazama mstari. Wino wa kijani. Mistari mingine yote ilikuwa ya bluu. Alikodoa macho kama wino utasema. Alijua kila herufi iliyokuwa pale na hakujua chochote. Miaka kumi na miwili ya kuandika maneno ya watu, na la kwake mwenyewe limemshinda kusoma.

"Ni ule mwaka wa umeme kukatika," Mama alisema.

Alikuwa amesimama mlangoni, mkono kwenye fremu, mkoba begani, akihema kwa hatua kumi alizotembea.

"Mama, kaa chini!"

"Nitakaa nikimaliza. Umeme ulikuwa unakatika kila mchana, betri ya hilo sinia lako ilikuwa inakufa kwa nusu saa, ukalia pale jikoni kwamba huwezi kumaliza shauri la wale ndugu wanaogombania nyumba. Ukampigia shemeji yako. Akakusomea kitu cha kupunguza ulaji. Ukaandika kwa kalamu yangu ya kijani, ya chama, na hujairudisha mpaka leo. Baadaye akakuletea betri mpya, siku ya ubatizo wa mtoto wao." Akavuta pumzi. "Sasa nakaa."

"Mama mkwe nimemsikia," shemeji alisema. "Ni hivyo hivyo. Betri ni mpya, sababu imeondoka, amri imebaki. Kila ukiitibu mashine kwa dozi yako, unaipa kadi kidonge cha usingizi mwishoni. Sasa andika huo huo mstari wa kumi na saba, neno la mwisho tu weka la kuzima. Usizime mashine baada ya hapo! Usirudie daftari! Ukizigusa zile nyingine nitapanda basi nije kukuchapa."

Masikio aliandika. Alipiga kitufe. Dirisha jeusi halikusema kitu, kama kawaida yake linaporidhika.

"Anza tena jaribio," shemeji alisema, "na ukiona limepita..." Kengele ikalia kwa nguvu, mtu akapiga kelele, na simu ikakatika. Kiwanda kilikuwa kimemchukua.

Saa sita na dakika ishirini na tatu. Sasa alikuwa peke yake na hesabu. Moyo wa Mama ulihitaji karibu dakika hamsini kushuka, kwa kasi ya asubuhi. Kiungo kinakufa saa nane. Akianza saa saba na dakika kumi, amechelewa. Lakini akianza bila kujaribu, na usingizi haukuwa ndio ugonjwa? Aliliwasha jaribio. Kumi na tisa, palepale lilipokwama mara ya mwisho. Ishirini. Thelathini. Vidole vyake vilikuwa vimekamata jalada la bluu, na kila kasi iliposhuka kidogo vidole vilitaka kulifungua na kuanza na mstari wa kwanza. Mwishowe alilipeleka sebuleni akamkabidhi Mama.

"Nikija kulichukua, usinipe."

"Nilikunyima ziwa ukiwa na miaka miwili," Mama alisema, akilitia ndani ya mkoba. "Hili litanishinda?"

Arobaini na tatu. Arobaini na nane. Hamsini na tano. Saa saba kasoro dakika tano jaribio lilikuwa sitini na mbili, linatembea, na Masikio akafanya kitu kigumu kuliko vyote vya siku hiyo: alilikata kabla halijaisha. Moyo wake wa kunukuu ulilia. Kitu kisichofika mwisho. Kisha akafuta mikono kwenye sketi, akafungua kiungo mara ya tatu.

Hakukaa. Alisimama nyuma ya kiti, mbali na vitufe. Mama alikuwa akimwuliza kila baada ya dakika chache, naye sasa alijibu namba kamili. Kumi na mbili. Ishirini na saba. Thelathini na tisa. Mama akaacha kuuliza. Arobaini na moja. Arobaini na mbili. Arobaini na tatu.

Kasi ilishuka. Ikashuka tena. Sifuri.

Masikio alihesabu, kwa sababu hakuwa na kingine cha kufanya na kinywa chake. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Sebuleni Mama hakukohoa, kana kwamba naye alikuwa ameshika pumzi, jambo alilokatazwa na daktari. Tano. Sita. Saba...

Arobaini na nne.

"Pumua, Mama!" alipiga kelele.

"Pumua wewe!"

Saa nane kasoro dakika tisa ufito ulijaa. Alinakili kwenye flashi, akaifungua picha moja kuhakikisha: kitu cha kijivu, kama ngumi, kilichofumba na kufumbua. Alikiangalia mara tatu kikijibana na kujiachia, na pale pembeni, mlango mdogo uliokuwa haufungi vizuri ukipepea. Ndani ya sinia lake. Aliichomoa flashi akaishika mkononi mpaka kwenye teksi, na kwenye teksi, na kwenye benchi la zahanati, mpaka ikapata joto.

Bingwa alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni. Hakusalimia sana. Alichomeka flashi, akaegemea kioo, akaanza kupitisha picha kwa kidole kimoja. Chumba kilikuwa na meza, viti vitatu, na feni inayozunguka bila nia. Hakuna aliyesema. Masikio alifika sekunde thelathini akaacha kuhesabu. Hajawahi kuacha kuhesabu.

"Vali imechakaa," bingwa alisema mwishowe, bado akitazama kioo. "Msuli haujachakaa. Miezi mitatu mingine ungekuwa umechakaa nao." Akageuka. "Nitaitengeneza. Alhamisi, saa moja asubuhi, hospitali kubwa. Asile kitu kuanzia saa nne usiku wa Jumatano. Zile dawa nyeupe anazokunywa, aache leo."

Mama alitoa daftari la bluu kwenye mkoba akampa bintiye. Masikio aliandika chini ya mstari wa kumi na tisa: Alhamisi, saa moja. Asile kitu kuanzia saa nne usiku. Dawa nyeupe, aache. Kalamu ikasimama. Alitazama yale maneno yalivyokaa pale, safi, mafupi, bubu.

"Daktari," alisema. "Kwa nini aache zile nyeupe?"

Bingwa akamwangalia kana kwamba ndiyo kwanza amemwona. "Zinafanya damu isigande. Nikimpasua akiwa anazinywa, sitaweza kuizuia."

"Kwa hiyo baada ya upasuaji anaanza tena?"

"Siku nitakayosema mimi. Umeuliza vizuri. Wengi hawaulizi, wanaziacha moja kwa moja." Akaeleza na sababu za yale mengine, na Masikio akayaandika yote pembeni, yakazunguka ukingo wa karatasi mpaka yakaanza kupanda juu upande wa pili.

Nje, kwenye ngazi tatu za zahanati, Mama alisimama kupumzika kwenye ya pili. Akauvua mkoba begani.

"Nishikie. Sasa umeanza kunichosha."

Ulikuwa mzito ajabu. Masikio aliufungua kurudisha daftari, akaona gauni la kulalia limekunjwa, ndala, mswaki, sabuni katika kopo lake, na shuka.

"Mama. Kwa nini umefungasha?"

"Kwa sababu wiki mbili nzima umesema 'inakuja', na ukisema hivyo najua haiji." Mama alishika mkono wa bintiye, akapima ngazi ya mwisho kwa mguu. "Na kama isingekuja, nilikuwa nimekwisha amua kuja kulala mlangoni kwa huyu daktari mpaka anipokee. Andika na hiyo."